Nilibatizwa kwa Niaba ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alirudi nyumbani Ijumaa mchana, matope yakiwa yamemfika magotini, daftari moja kalificha chini ya shati. Nilikuwa nimeacha cherehani yangu kwenye kibaraza cha duka, hapo hapo mtaani kwetu Muhima, nikaja kuwapashia wadogo zetu wawili wa kike maharage. Nilipomwona mlangoni nilijua hakupita barabarani.

"Umepitia wapi?"

"Bondeni. Kwenye mafunjo."

"Kwa nini?"

Alijipapasa mfuko wa shati, ule niliomshonea kifungo ili kitambulisho kisije kikadondoka. Mfuko ulikuwa mtupu na kifungo kilikuwa wazi.

Ilikuwa mwaka 1993, vita ikiwa imetimiza miaka mitatu. Kigali wakati huo hukuweza kwenda kununua chumvi bila kitambulisho. Kulikuwa na bariyeri kwenye njia kubwa, gogo limelazwa barabarani, wanajeshi wawili watatu, na siku nyingine vijana wa vyama waliojipa kazi ya kuwasaidia. Kwenye kitambulisho kulikuwa na mstari wa kabila. Makabila yote yaliandikwa hapo, na yasiyo yako yakakatwa kwa kalamu. Letu lilikuwa lile lililomfanya mwanajeshi akigeuze kitambulisho mara mbili na kukutazama usoni mara tatu. Lakini ukiwa nacho ulipita, mara nyingi. Ukiwa huna, wewe ni mtu uliyetumwa kutoka upande wa pili wa vita, na hapakuwa na maelezo ya kutoa. Wiki mbili nyuma walikuja kupekua nyumba za mtaa wetu kulipopambazuka. Mpangaji wa jirani, fundi wa redio, alisema kitambulisho amekisahau kwa shangazi yake. Walimpandisha kwenye gari akiwa na kandambili mguuni. Hakurudi, na hakuna aliyekwenda kuuliza.

Kwa hiyo nilipouona mfuko ule mtupu, nilifunga mlango kwanza, ndipo nikamuuliza.

"Nimewapa," alisema.

"Umewapa nani?"

"Wakongwe. Wa chuoni."

Alikuwa na siku nne tu chuo kikuu. Au tano, mpaka leo tunabishana. Chuo chenyewe kilikuwa kimehamishwa kutoka kaskazini vita ilipokaribia, kikawekwa kwenye majengo ya kuazima juu ya kilima upande wa pili wa mji, wanafunzi wengine wakilala kwenye madarasa. Lakini hata ndani ya majengo ya kuazima walikuwa wamebeba desturi zao. Mwanafunzi mgeni lazima ateswe kidogo wiki ya kwanza: aimbie balbu mpaka izimike, atoe posa kwa mti wa mkaratusi, abebe tofali mgongoni na kulibembeleza kama mtoto. Kwa Kinyarwanda huitwa kunnyuzura. Wao wenyewe waliita ubatizo. Na ili mgeni asitoroke kabla ya siku ya ubatizo, wakongwe huchukua rehani kwake. Miaka mingine walichukua kiatu kimoja cha kila mtu. Mwaka huo mmoja wao akapata wazo la kuchekesha zaidi: wageni walete kitu ambacho bila hicho hawawezi kurudi kwao, yaani kitambulisho.

"Wote walitoa," mdogo wangu alisema. "Tulicheka. Mimi pia nilicheka, dada. Kisha jana wakatangaza kwamba Jumamosi kutakuwa na korti, na vitambulisho vitasomwa mbele ya watu wote, mstari kwa mstari. Kuna watu pale wana kofia za chama, kama za vijana wa bariyeri."

"Ukakimbia."

"Nikakimbia."

"Ukakiacha kitambulisho huko."

Aliinamisha kichwa. Nilitaka kumpiga, naye alinizidi urefu kwa shubiri mbili. Badala yake nilimwagia maji miguuni, nikamsugua matope kama nilivyomsugua alipokuwa na miaka saba.

Baba yetu alikuwa dereva wa malori, mtu wa Kiswahili na safari, na alikufa barabarani. Mama alimfuata baada ya miaka miwili, kwa ugonjwa wa kifua. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Nilirudisha vitabu vya shule, nikajifunza kushona, na nikajiambia kwamba mmoja wetu atamaliza masomo, hata kama si mimi. Huyu ndiye aliyekuwa na kichwa. Jina lake lilipotoka kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda chuo kikuu, nilimshonea mashati matatu. Sasa alikuwa amekaa sakafuni, na kama wangekuja kupekua kesho alfajiri, shati mojawapo ndilo ambalo angeondoka nalo.

"Nitarudi mwenyewe kukichukua," alisema.

"Utapitaje bariyeri?"

"Bondeni tena."

"Na wakikukuta bondeni huna kitambulisho, utasema ulikuwa unavua samaki?"

Mdogo wetu wa mwisho alicheka. Sisi hatukucheka. Nilisema nitakwenda mimi, changu ninacho.

Usiku ule nadhani hakuna aliyelala, isipokuwa wale wawili. Kulipopambazuka nilisikiliza gari. Lilipita, halikusimama. Saa mbili nilivaa gauni langu la kanisani, na kwa mazoea nikavaa shingoni utepe wangu wa kupimia. Niliwaambia wadogo zangu: msifungue mlango mpaka msikie sauti yangu. Mdogo wangu nilimwambia akae nyuma ya pazia la kitanda, na akisikia buti aingie chini.

Bariyeri nilipita. Mwanajeshi aliuliza, "Unaenda wapi?" Nikamwambia chuoni, kupima watu nguo. Aliutazama utepe shingoni, akanirudishia kitambulisho.

Juu ya kilima nilisikia kelele kabla sijaona kitu. Nyuma ya majengo palikuwa na uwanja wa mpira wa kikapu. Wageni kama sitini walikuwa wamepiga magoti kwenye jua kali, nyuso zimepakwa majivu na unga. Wakongwe walikuwa wamesimama kuwazunguka, wengine wamejifunga mashuka kama majoho. Mbele yao, juu ya dawati, alikaa hakimu wa korti. Alikuwa kijana mrefu mwenye ndevu chache, na mfuko wake wa nyuma ulikuwa na kofia imekunjwa. Rangi zake nilizijua. Ilikuwa kofia ya chama, ile ambayo sisi wa Muhima tukiiona tunavuka barabara. Kando yake palikuwa na boksi la sabuni, na ndani ya boksi vitambulisho.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya heshima, kwa Kinyarwanda kizuri. Nilisema nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu, ana homa, naomba kitambulisho chake ili nimpeleke hospitali. Nikalitaja jina.

"Mtoro!" mmoja akapiga kelele. "Yule mtoro wa jana!"

"Ana homa ya ubatizo!"

"Mpelekeeni padri!"

Hakimu aliinua mkono, wakanyamaza. "Mama," aliniambia, ingawa nadhani nilimpita kwa mwaka mmoja tu, "sheria ya korti hii ni moja. Kitambulisho kinarudi kwa aliyebatizwa. Mdogo wako amebatizwa?"

"Hapana."

"Wewe je, umebatizwa?"

"Nimebatizwa kanisani."

Walicheka sana. Nilipowatazama niliona kwamba wengi walikuwa watoto tu, wamefurahi kwamba Jumamosi imewaletea mchezo mpya. Lakini nyuma, chini ya mkaratusi, palikuwa na vijana watatu ambao hawakucheka. Walikuwa wamevaa kofia zao kichwani.

"Basi nibatizeni mimi kwa niaba yake," nilisema.

Sijui yalitoka wapi maneno hayo. Nilichokuwa nawaza ni kwamba nikiondoka bila kitambulisho, kitabaki kwenye lile boksi, na wale watatu watalifikia boksi.

Kelele zilizoinuka zilikuwa kama za goli. Walinipigisha magoti mbele ya wageni wenzangu wote. Walinipaka majivu usoni na masikioni, mtu akanimwagia maji ya unga kichwani, yakashuka hadi ndani ya gauni la kanisani. Walinipa njiti moja ya kiberiti: nipime urefu wa uwanja kwa njiti hiyo, nikihesabu kwa sauti.

Nilianza. Moja, mbili, tatu. Nilihesabu kwa Kiswahili, maana nikiogopa ndiyo lugha inayonijia, lugha ya baba. Nilipofika arobaini niliona kwamba nitamaliza jioni, na jioni bariyeri inakuwa na walevi. Nikavua utepe shingoni, nikapima hatua yangu moja, nikatembea uwanja mzima nikihesabu hatua, kisha nikapima njiti, nikasimama na kuwatajia idadi ya njiti.

Ikawa vurugu.

"Ametumia akili! Mgeni haruhusiwi kutumia akili!"

"Apewe adhabu!"

"Apewe digrii!"

Hakimu alikuwa anacheka mpaka machozi. Aliniuliza kwa Kiswahili, Kiswahili cha upande wa ziwa, "Dada, wewe umesoma mpaka wapi?"

"Mwaka wa pili wa sekondari."

Aliwatafsiria. "Mabibi na mabwana, huyu ameruka madarasa manne na kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Hata sisi hatukuweza." Walinipigia makofi, na kwa nukta moja, naona aibu kulisema, nilifurahi. Nilikuwa nimesimama kwenye saruji ya chuo kikuu, nimejaa unga, na watu waliosoma wananipigia makofi.

Kisha alichukua kitambulisho cha mdogo wangu kutoka kwenye boksi, akakifungua, na furaha ile ikaniisha. Alianza kusoma kwa sauti ya hakimu. Alisoma jina, mahali pa kuzaliwa na kazi. Kila aliposoma wageni walitakiwa kuitikia "Amina". Nilimwona macho yake yakifika kwenye mstari ule wa kabila. Kidole gumba kiliteleza kikafunika. Akaruka, akasoma wilaya.

"Soma yote!"

Sauti ilitoka chini ya mkaratusi. Haikuwa sauti ya mchezo.

Hakimu alikisogeza kitambulisho karibu na macho. "Hapa pamefutika," alisema. "Mtoro huyu ana jasho sana. Amina?"

"Amina!" wageni wakaitikia.

"Wengine umewasomea yote," sauti ikasema.

"Wengine hawakuleta dada mwenye utepe." Akakifunga kitambulisho na kukitia kwenye mfuko wa shati lake. Wengine wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichotuvusha.

Nilinyoosha mkono nikipokee.

"Bado," hakimu alisema. "Aliyebatizwa anapata baba wa ubatizo, mkongwe wa kumlinda mwaka mzima. Mimi nimekuchukua."

"Nashukuru. Nipe nirudi nyumbani."

"Baba anampeleka mtoto nyumbani!" wakaanza kuimba, wakipiga makofi. "Baba anampeleka mtoto!" Ilikuwa desturi yao: siku ya kwanza ya kutoka, baba wa ubatizo humsindikiza mtoto wake mpaka mlangoni, na rehani humkabidhi hapo hapo mlangoni. Niliomba, nikasema ni mbali, nikasema ana kazi. Kadiri nilivyokataa ndivyo walivyoimba. Hakimu akavuta kofia yake mfukoni, akaivaa, tukateremka kilima.

Nimetembea njia nyingi za hatari baada ya hapo, lakini ile naikumbuka hatua kwa hatua. Kitambulisho kilikuwa kifuani kwake. Nilikuwa nampeleka mtu mwenye kofia ile mpaka kwenye mlango ambao nyuma yake mdogo wangu amejificha. Nilifikiria kumpitisha mtaa mwingine, nimwoneshe nyumba isiyo yetu. Lakini nikimpa mlango wa uongo na yeye akabisha hodi? Na kama ningekimbia, ningekimbia bila kitu nilichokifuata. Basi nilitembea.

Njiani alisema machache. Aliuliza nashona nini. Nikasema nguo za kike na mashati. Aliuliza tumebaki wangapi. Nikasema, "Tupo." Hakuuliza tena.

Kwenye bariyeri mwanajeshi wa asubuhi alikuwa ameondoka. Palikuwa na mwingine, na vijana wanne wenye kofia kama yake. Walimwona yeye kabla ya kuniona mimi.

"Mkubwa! Leo umetuletea nini?"

"Mtoto wangu. Nimembatiza leo."

"Mtoto mkubwa hivi! Mama yake yuko wapi?"

"Nilijifungua mwenyewe," alisema, wakavunjika mbavu. Mwanajeshi alichukua kitambulisho changu, akakigeuza mara mbili. Alinitazama uso wenye majivu, lakini sidhani aliona uso. Kijana mmoja akauliza, bila kucheka tena, "Na huko kwake, kuna nani?"

Nilifungua mdomo. Baba yangu wa ubatizo alinitangulia.

"Cherehani," alisema. "Na mavazi ya wake za watu. Unataka gauni?"

Walimcheka yule kijana. Tulipita. Mpaka Muhima nilitembea mbele yake nikisikia viatu vyake nyuma yangu.

Mlangoni nilisema kwa sauti kubwa, "Ni mimi, na kuna mgeni." Nilitaka mdogo wangu aingie chini ya kitanda. Lakini wadogo zetu walifungua mlango haraka kwa kuisikia sauti yangu, wakauona uso wangu wenye majivu, wakapiga yowe, na mdogo wangu akaruka kutoka nyuma ya pazia akidhani wananiua. Tukasimama hivyo, sisi wanne na yule, kwenye chumba kisichotosha kugeuka.

"Ehe," hakimu alisema. "Mtoro."

Nilijisogeza katikati yao.

Hakimu alivua kofia. Alitoa kitambulisho mfukoni, akampa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mkubwa. "Dada yako amebatizwa kwa niaba yako," alimwambia. "Jumatatu uje darasani. Atakayekuuliza, mwambie hivyo." Alitazama pazia, kitanda, picha ya baba ukutani akiwa kasimama kando ya lori lake. Nilimpa maji. Aliyanywa amesimama, akashukuru, akaondoka. Nilichungulia dirishani mpaka alipokata kona, na alipokata kona aliivaa tena kofia.

Mdogo wangu alikuwa ameshika kitambulisho anacheka na kulia. "Ni mtu mzuri, dada! Umeona?"

"Nimeona. Fungasheni vitu."

"Vitu gani?"

"Vyote. Kesho tunahama."

Hakuamini. Alisema nimechanganyikiwa, mtu ametusaidia, ametupitisha bariyeri, amekataa kusoma mbele ya watu, na mimi namlipa kwa kukimbia. Alisema maneno mengine ambayo baadaye aliyaombea radhi. Sikumjibu yote. Nilimwambia, "Amefanya yote hayo. Na sasa anaujua mlango wetu, na marafiki zake wanamwita mkubwa. Akilewa siku moja? Wakimuuliza kwa nguvu?" Jumapili, watu wakiwa kanisani, tulibeba magodoro na sufuria mpaka Kicukiro, upande mwingine wa mji, kwenye chumba cha uani cha mjane mmoja niliyekuwa namshonea. Mdogo wangu alibeba mzigo mzito kuliko wote na hakunisemesha njia nzima.

Jumatatu alikwenda chuoni. Nilimkataza kumwambia mtu yeyote tunakoishi, hata huyo, hasa huyo. Kila jioni ya Jumamosi aliporudi nilimfungulia mfuko wa shati kabla ya kumsalimia.

Kibaraza cha kushonea sikuweza kukihamisha. Hapo ndipo wateja waliponijua. Wiki tatu baadaye nilikuwa nimeinama nikitia uzi, kivuli kikaniangukia kwenye kitambaa. Alikuwa yeye, bila kofia, ameshika suruali iliyochanika gotini.

"Mtoto wangu hajambo?" alisema.

"Hajambo. Shikamoo, baba," nikajitahidi kufanya utani.

Nilimshonea akisubiri. Sindano ilinichoma mara mbili. Wapita njia walikuwa wengi, na yeye alisimama akiwapa mgongo, akitazama mikono yangu. Alisema nilipokuwa nakata uzi, kwa Kiswahili na kwa sauti ya chini:

"Nilipita kule nyumbani juzi. Nimekuta watu wengine."

Nilikuwa nimejiandaa kwa neno hilo kwa wiki tatu. "Paa lilikuwa linavuja," nilisema.

"Nilikuwa na wenzangu," alisema. "Wao ndio waliotaka kupita."

Mkasi ulikuwa bado mkononi mwangu. Niliuweka mezani polepole ili usilie.

"Kwa hiyo mlihama," alisema.

"Tulihama."

"Vizuri." Alichukua suruali, akaikunja bila kutazama nilivyoishona. "Wala usiniambie ni wapi. Hata nikikuuliza siku moja, dada. Hasa nikikuuliza."

Akaingia kwenye watu, akielekea upande wa Nyabugogo. Nilikaa nikiwa nimeshika gurudumu la cherehani ili lisizunguke, na mteja aliyefuata ilibidi anisalimie mara mbili.